Feni ya Bafu la Taifa

Katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu nina watoto na nawapenda, rais hutawala kwa picha. Hatuna haja ya kura. Kura zina kelele na foleni, na mwisho wake lazima mtu mmoja alie. Sisi tunatazama ukutani tu. Yule ambaye picha yake imetundikwa juu ya mlango wa Bafu la Taifa, pale ikulu, ndiye rais. Picha ikishushwa, mwenye picha amefariki, awe amekufa au hajafa. Wageni huona ni utaratibu wa ajabu. Mimi naona ni mwepesi kabisa, mradi usiwe wewe uliyeko bafuni.

Mimi ni Mshika Taulo Mkuu. Kazi yangu ni kusimama nje ya mlango huo kila asubuhi, taulo jeupe mkononi, nikisubiri rais amalize kuoga. Ni kazi ya heshima. Mawaziri hunisalimia wa kwanza, kwa sababu mimi ndiye ninayejua nani anatoka.

Rais wetu wa zamani, Mzee Hongoa, aliingia bafuni asubuhi moja akiwa rais, akatoka akiwa marehemu. Alikuwa mtu mkimya, anaoga bila hata kukohoa. Alipokuwa ndani anajipaka sabuni, mkuu wa walinzi wake, Kapteni Kilindo, alipanda juu ya kiti, akaishusha picha ya mzee na kutundika yake, ambayo kumbe alikwisha kuipiga studio zamani. Hongoa alipofungua mlango, povu bado limejaa masikioni, sote tulimpa pole kwa kifo chake. Alibisha sana. Marehemu wa kwetu ni wabishi. Tulimzika alasiri ile ile, na ilibidi hotuba ya maziko isomwe kwa kipaza sauti ili isimezwe na malalamiko yake.

Basi hivyo ndivyo Kapteni Kilindo alivyokuwa Mtukufu Kilindo, Baba wa Pumzi Zetu.

* * *

Mtukufu Kilindo hakuwa mjinga. Alijua vizuri sana njia aliyopitia, akaanza kuiziba. Kwanza alijengea matofali dirisha la bafu, asije mtu akapita. Halafu akatunga Sheria ya Uimbaji Bafuni. Kwa sheria hiyo, rais anapooga huimba wimbo wa taifa tangu anapofunga mlango mpaka anapoufungua, na maadamu sauti yake inasikika, atakayegusa picha ni msaliti na atanyongwa. Sauti ikikatika, Waziri wa Hewa husimama mlangoni na kuusoma wimbo wote wa taifa, beti zote, bila kuruka. Akimaliza na rais bado hajaimba, picha inashushwa. Wimbo wetu ni mrefu, kwa sababu kila rais huongeza ubeti wa kujisifu, kwa hiyo sheria ilionekana ina huruma nyingi.

Mwisho akaagiza fremu. Picha ya Hongoa ilikuwa ndogo, unaishusha kwa mkono mmoja huku mwingine unakunywa chai. Mtukufu alitaka picha isiyoshushika kirahisi. Akaletewa fremu ya mninga iliyopakwa rangi ya dhahabu, nzito kiasi kwamba askari walioibeba walipumzika njiani.

Sasa juu ya mlango ule, pale pale penye msumari wa picha, kuna swichi ya feni ya bafuni. Ni swichi ya zamani yenye kishikio kirefu kama kidole. Ukikishusha, feni inapata umeme na kuvuta mvuke wote nje. Ukikipandisha, umeme unakatika. Picha ya Hongoa haikukifikia. Lakini askari walipokuwa wanaipandisha fremu kuizungushia picha ya Mtukufu pale pale ukutani, isishushwe hata kidogo, waya wa kutundikia ulikinasa kishikio kile na kukipeleka juu. Feni ikaunguruma kidogo, ikanyamaza.

Niliona kwa macho yangu. Askari waliona, mawaziri waliona. Mtukufu mwenyewe aliinua macho. Lakini ilikuwa siku ya furaha, na nani alitaka kuiharibu kwa habari za swichi? Tukapiga makofi.

* * *

Tatizo ni kwamba Mtukufu alikuwa na pumu.

Na alipenda maji ya moto. Alisema rais anayeoga maji baridi anaitangaza nchi yake kuwa maskini. Kwa hiyo kila asubuhi mtungi mkubwa wa maji ulichemshwa, bomba likafunguliwa, na bafu lisilo na dirisha wala feni likajaa mvuke mpaka kuta zinalia. Ndani ya mvuke huo Mtukufu alitakiwa kuimba.

Mwanzoni aliimba kama bendi nzima. Baadaye akaanza kuvuta pumzi katikati ya mistari. Halafu katikati ya maneno. Tulimsikia akisema "Ee nchi ye...", kisha mluzi mrefu kifuani, kisha "...tu tukufu." Mawaziri waliokuwa wamesimama koridoni walitazamana, wakatazama viatu vyao. Kila mmoja wetu alielewa hesabu ile. Siku kifua kitakapomshinda, sauti itakatika, na sauti ikikatika muda wa kutosha, Baba wa Pumzi Zetu ni marehemu. Kumbe uhai wake wote ulikuwa unaning'inia kwenye kifeni cha plastiki chenye ukubwa wa sahani.

Hangeweza kuoga kwingine, kwa kuwa katiba inalitambua bafu moja tu. Wala hangeweza kuacha kuoga. Kila asubuhi redio hufungua matangazo kwa kusema rais ameoga, na siku isiposema, wanajeshi huanza kupiga pasi magwanda ya sherehe.

"Feni haiwaki," Mtukufu aliniambia asubuhi moja nikimfunika taulo. Midomo yake ilikuwa ya buluu kidogo.

"Haiwaki, Mtukufu," nikakubali.

"Sababu ni nini?"

Nikatazama dari. Yeye naye akatazama dari. Juu ya mlango, picha yake ilitutazama sote wawili.

"Sababu haijulikani, Mtukufu," nikasema.

"Basi aitwe fundi aitafute."

* * *

Fundi aliyeitwa alikuwa Machano, mtu mchangamfu anayependa kuzungumza na vyombo anavyovitengeneza. Aliwasha taa ya bafuni, ikawaka, akasema, "Umeme upo, mama." Alikuwa anaiambia feni. Akafungua sanduku la fyuzi, fyuzi nzima. Akapanda ngazi, akaifungua feni darini, akaenda nayo jikoni na kuichomeka kwenye waya wa pasi. Feni ikazunguka mpaka ikapeperusha unga wa chapati.

"Feni nzima!" Machano akapiga kelele kwa furaha. "Haina ugonjwa wowote!"

Maskini. Hakujua amesema nini.

Waziri wa Hewa wakati ule alikuwa Mheshimiwa Ndauka, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyevaa miwani isiyo na namba ili aonekane msomi. Alikuja jikoni, akaitazama feni inavyozunguka, uso ukamwiva.

"Ina maana," alisema polepole, "feni hii inawatumikia wapishi, lakini inakataa kumtumikia rais?"

Machano akajikuna kichwa. "Mheshimiwa, mimi nadhani shida itakuwa kwenye swi..."

"Jibu swali. Inawatumikia wapishi?"

"Inazunguka, Mheshimiwa."

"Inawatumikia wapishi," Ndauka akawaambia askari.

Feni ilifikishwa mahakamani siku ile ile. Ilitundikwa kizimbani kwa kamba, ikasomewa mashtaka ya uasi na ubaguzi, ikaulizwa kama inakiri. Ilinyamaza. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa ameonyesha kiburi. Hata hivyo nchi yetu ina huruma, na feni ni mali ya serikali, kwa hiyo ilihukumiwa kurudi kazini chini ya uangalizi. Machano hakuwa mali ya serikali. Yeye, kwa kosa la kuisaidia feni kufanya kazi jikoni, alipelekwa Chuo cha Pumzi.

Chuo cha Pumzi ni chumba kidogo chini ya ikulu, hakina dirisha, na mlango wake umezibwa kwa mpira pembeni pote. Watu wanaoichukulia hewa ya taifa kama kitu cha bure hupelekwa humo wakajifunze kuithamini. Wengine huhitimu wakatoka wanyenyekevu mno. Machano hakuhitimu. Nilishika taulo alipotolewa, maana mwili ulikuwa umelowa jasho na tuliona aibu kumrudishia mkewe katika hali ile.

* * *

Mtukufu akaunda Tume ya Kitaifa ya Kuchunguza Ukimya wa Feni, mwenyekiti Mheshimiwa Ndauka. Tume ilisafiri nchi tatu za baridi kutazama feni za wenzetu. Ilirudi na masanduku ya nguo na ripoti moja, ambayo Ndauka aliisoma uwanjani mbele ya umma, jua la utosi.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui walieneza uvumi kwamba feni ya Bafu la Taifa ni mbovu. Tume yangu inakanusha kwa nguvu zote. Feni ile si mbovu. Feni ile imelala usingizi wa ushindi. Iliona Mtukufu ameingia madarakani, ikaridhika, ikapumzika kwa heshima. Je, kiumbe aliyelala kwa heshima tutamwita mbovu?"

"Hapanaaa!" tukaitika. Askari walikuwa wamesimama nyuma yetu, kwa hiyo tuliitika vizuri.

"Tume imegundua pia kwa nini haiamki. Mvuke ni kidogo mno! Feni inatazama chini, inaona kimvuke cha mtu wa kawaida, inasema, ah, hapa sihitajiki. Tuiaibishe, ndugu zangu! Maji yachemshwe mara mbili. Bafu lijae mvuke mpaka feni yenyewe ione haya na kuamka!"

Watu walishangilia. Nilimtazama Mtukufu pale jukwaani. Alikuwa anashangilia pia, lakini mkono wake ulikuwa umeshika kifua, na macho yalikuwa yanamtazama Ndauka bila kupepesa. Alijua. Mtu aliyewahi kusubiri nje ya bafu anamjua mwenzake anayesubiri. Lakini angesema nini? Ripoti ilikuwa inamsifu kila ukurasa. Kuikataa kungekuwa kukubali kwamba feni ni mbovu, na feni ikiwa mbovu wataulizana tangu lini, na jibu ni tangu siku aliyotundikwa.

* * *

Ndipo alipomwita Sikudhani kwa siri.

Bi Sikudhani alikuwa mjane wa Machano. Naye alikuwa fundi wa umeme, tena mkali kuliko mumewe, na mdomo wake haukuwa na breki. Alikuja amevaa kanga nyeusi na begi la vifaa begani. Tulikuwa watu watatu tu pale koridoni, yeye, Mtukufu na mimi, na mimi sihesabiwi, kwa sababu nimeshika taulo.

Hakuangalia fyuzi. Hakupanda ngazi. Alisimama mbele ya mlango, akainua uso, akaitazama ile fremu ya dhahabu.

"Swichi iko nyuma ya picha yako," alisema.

Tangu Mtukufu atundikwe hakuna mtu aliyewahi kuyatamka maneno yale kwa sauti.

"Najua," akasema Mtukufu.

"Unajua?"

"Unadhani mimi kipofu? Niliiona siku ile ile."

Sikudhani akageuka, akamtazama usoni, jambo ambalo kwetu halifanywi. "Na mume wangu?"

"Mumeo alitumwa kutafuta sababu nyingine," alisema Mtukufu, karibu kwa upole. "Sababu hii ninayo tayari."

Yule mama akahamishia begi bega la pili, akasema kwa sauti kavu, "Picha ishushwe kidogo tu. Pumzi moja. Niutoe waya kwenye kishikio, nikivute chini, irudishwe. Wewe ukae ndani uimbe, sheria inakulinda."

"Nani ataishika picha?"

"Askari."

"Askari gani?"

Alifungua mdomo kujibu, Mtukufu akamkatiza. "Mzee Hongoa alikuwa na askari aliyemwamini kuliko wote, mama. Nilikuwa mimi." Akakohoa, akafuta midomo. "Picha ikiwa chini, na mimi ndani, na kikohozi kikanishika wakati huo? La. Nipitishie waya mwingine. Pita darini."

"Hiyo inawezekana," akasema Sikudhani. "Leo hii hii."

Kwa bahati mbaya Mheshimiwa Ndauka alikuwa amesimama kwenye kona. Huwa anatembea na soksi. Alijitokeza huku anatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Darini, Mtukufu? Mtu atembee juu ya kichwa cha rais aliye uchi? Nami nimesikia vibaya, au mwanamke huyu ametamka kwamba picha ishushwe?"

Mtukufu alimtazama Sikudhani, akamtazama Ndauka. Ilimpasa kusema jambo moja tu, kwamba yeye ndiye aliyemwita. Lakini rais anayemwita fundi kwa siri anaogopa, na rais anayeogopa amekwisha nusu.

"Ametamka," akasema Mtukufu. "Mpelekeni Chuo."

Niliagizwa kumsindikiza, kwa kuwa taulo hutakiwa huko pia. Tukishuka ngazi aliniuliza, "Kaka, wewe ndiye uliyekuwepo Machano alipotoka?"

"Ni mimi."

"Alipiga kelele?"

Sipendi kuwadanganya wafiwa. "Hapana, dada. Hakuwa na pumzi ya kutosha," nikamwambia.

Hakulia. Aliuliza tu kama mlango wa Chuo unaacha upenyo pale chini. Nikamjibu kwamba upo kidogo, kwenye kona ya kushoto, mpira umechakaa. Akanishukuru.

* * *

Maji yalichemshwa mara mbili. Feni haikuona haya. Ndauka akaagiza yachemshwe mara tatu.

Asubuhi ya mwisho Mtukufu alisimama mlangoni kwa muda mrefu kabla ya kuingia. Mvuke ulikuwa unapita chini ya mlango na kutulowesha viatu. Mawaziri wote walikuwepo, na niliona wengi wamevaa suti nyeusi, ingawa hapakuwa na msiba wowote. Nyuma yao askari walikuwa wameegemeza ukutani kitu kikubwa cha mraba kilichofunikwa shuka.

"Waziri," akasema Mtukufu, "leo nitaoga haraka."

"Oga kwa raha zako, Mtukufu," akasema Ndauka. "Nchi nzima inasikiliza."

Akaingia. Akaanza kuimba. Ubeti wa kwanza ulitoka, umekatikakatika lakini ulitoka. Wa pili ukawa mluzi mtupu wenye neno moja moja. Alipofika ubeti wa mwisho, ule aliojitungia mwenyewe, unaosema "Kilindo pumzi yetu," alisema "Kilindo pu...", kisha tukasikia kishindo kama gunia limeanguka.

Ndauka alikwisha kufungua karatasi. Nimesikia wimbo wa taifa ukisomwa mara nyingi, lakini sijawahi kuusikia ukisomwa vile. Aliusoma kama mtu anayenadi mitumba, herufi zinakanyagana. Ndani nilisikia kucha zikikwaruza mlango, pale chini, taratibu. Naye Ndauka alisikia, maana aliongeza mwendo. Kukwaruza si kuimba, sheria iko wazi, na aliyeiandika ndiye aliyekuwa anakwaruza. Niliona huruma, nasema kweli. Nikalikunja taulo vizuri zaidi.

"...daima milele na milele. Mwisho!" Ndauka akapaza sauti. "Shusheni!"

Askari wakapanda viti, wakaishika fremu ya dhahabu, wakaiteremsha. Waya wa picha ulishuka nayo, ukakivuta kishikio cha swichi mpaka chini. Tak! Na darini mwa bafu, baada ya ukimya wa utawala mzima, feni ikaamka.

Jamani, iliunguruma! Tulisikia mvuke unavutwa kama mtu anayekunywa uji wa moto. Mvuke chini ya mlango ukarudi ndani, koridoni pakakauka. Halafu kikohozi. Halafu pumzi ndefu, safi, ya kifua kizima. Mlango ukafunguliwa, na Mtukufu Kilindo akatoka, uchi, maji yanamchuruzika, mashavu mekundu. Sijawahi kumwona na afya nzuri kiasi kile.

"Feni imepona!" akasema.

Kisha akaiona picha yake chini, imeegemezwa ukutani, uso umegeuziwa ukuta.

Akaanza kuimba. Aliimba kwa nguvu zote, beti zote, bila kukosea neno, sauti imejaa kama zamani. Ilinisisimua mwili. Mheshimiwa Ndauka alisubiri amalize, ndivyo adabu inavyotaka, kisha akavua miwani na kujifuta machozi.

"Marehemu alikuwa na sauti," akasema.

"Ninaimba! Mnanisikia ninaimba!"

"Sheria inasema bafuni, mlango ukiwa umefungwa," Ndauka akamweleza kwa upole. "Hapa ni koridoni."

Marehemu alinigeukia mimi. Alikuwa anatetemeka kwa baridi. "Nipe taulo," akasema. "Wewe unanijua. Nipe taulo tu."

Ni kweli namjua. Lakini taulo la bafu hili ni la rais. Nilimpa pole kwa msiba, taulo sikumpa. Mkewe, Bi Mwanasiti, alikuja na kanga zake za eda tayari, akamtazama kwa huzuni toka kichwani mpaka miguuni. Marehemu akamwita jina lake la ndani. Bi Mwanasiti akasema, "Mungu amlaze pema, alikuwa mume mwema," akajifunika uso. Nadhani na yeye ana watoto.

Tulimzika alasiri. Kipaza sauti kilikuwa kipya na maziko yalikwenda vizuri.

* * *

Jioni ile Mtukufu Ndauka alitaka picha yake ipande kabla redio haijafunga matangazo. Fremu yake, ile iliyokuwa imefunikwa shuka, ilikuwa kubwa kuliko ya marehemu, na askari walikuwa wamechoka kwa kuchimba. Kwa kuwa ni desturi ya rais mpya kutoa msamaha, akaamuru Chuo kifunguliwe atolewe mtu yeyote anayejua kupanda ngazi.

Bi Sikudhani akatolewa. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka, na shavu la kushoto lilikuwa na alama ya mpira wa mlango, kwa sababu alilala kifudifudi na mdomo kwenye upenyo. Alisimama koridoni akavuta hewa, akasikia feni inaunguruma. Akaitazama swichi iliyo wazi, kishikio kiko chini. Akanitazama mimi.

Alipanda ngazi, askari wawili wakamwinulia fremu, na yeye akaushika waya wa kutundikia. Nafasi ilikuwepo tele ya kuupitisha pembeni. Nilimwona akiupeleka mpaka kwenye kishikio, akauzungusha hapo mara moja, halafu akauzungusha tena, akaukaza kwa koleo. Mimi si fundi. Nilidhani ni ustadi.

Picha ikapanda. Kishikio kikapanda nayo. Feni ikaunguruma kidogo, ikanyamaza.

Mtukufu Ndauka alikuwa anakula embe. Akasimamisha taya. "Mbona feni imezima?"

Bi Sikudhani alishuka ngazi taratibu, akafuta mikono kwenye kanga. "Haijazima, Mtukufu," akasema. "Imelala usingizi wa ushindi. Imeona umeingia madarakani, imeridhika. Au ripoti ya Tume ilikosea?"

Mawaziri wote walikuwepo. Mtukufu Ndauka aliwatazama mmoja mmoja, kisha akaitazama picha yake kule juu, kisha dari. Nasi tukatazama dari. Ilikuwa dari ile ile, ina ukungu kidogo kwenye pembe.

"Ripoti haikukosea," akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa laini sana.

Leo asubuhi ameingia kuoga kwa mara ya kwanza. Maji yanachemshwa mara tatu, kwa kuwa amri ile ni yake mwenyewe na hakuna aliyeifuta. Ana sauti nzuri, ubeti wa kwanza umetoka bila kasoro, ingawa katika ubeti wa pili nimemsikia akikohoa. Bi Sikudhani yupo hapa koridoni. Amekalia begi lake la vifaa, mgongo ukutani, anakula mhogo wa kuchoma. Nilimuuliza anasubiri nini, maana hakuna aliyemwita.

"Picha ikishuka watataka fundi," akasema.

Akanikatia kipande cha mhogo. Nimekipokea kwa mkono wa kulia, kwa kuwa wa kushoto umeshika taulo, na tumekaa tunasikiliza.